Mbegu za Njia ya Lori

Kianda, Kibera
9 Mei

Kaka yangu Nashon,

Salamu nyingi kutoka huku Kianda. Mvua haitupi nafasi, matope yamefika mlangoni, lakini mwili uko sawa. Mama naye, goti limepoa? Ningekuuliza pia habari za nyumba yako, ila najua mkeo Akeyo bado yuko kwa wazazi wake na unajipikia.

Dada yetu Daisy alinipigia simu akasema ile njia ya lori la wachimba kisima bado ni nyekundu, hakuna hata unyasi mmoja, na maji sasa yanachimba mtaro kuelekea zizini. Iliniuma, maana kazi yenyewe tuliifanya vizuri. Wachimba kisima walipoondoa mashine yao, mimi na vijana wa kampuni ninayofanyia kazi tulilima pale palipogandamizwa, tukarudisha udongo mweusi uliowekwa kando, tukapanga mawe kwenye mteremko. Zikabaki mbegu za nyasi tu, na Mama akazirusha yeye kwanza, kama desturi inavyotaka.

Zilipokataa kuota, ikasemekana Akeyo alipanda kunde nyuma ya jiko kabla Mama hajagusa mbegu. Hakukana. Alisema hakujua kama kupanda nyasi nako kunahesabiwa, hata kunde zimsubiri Mama. Wazee wakaitisha kikao, wakasema amemtangulia mama mkwe, ndiyo maana ardhi imefunga. Nami, bila hata kuulizwa, nikasimama nikasema desturi ni desturi, asiyeiheshimu arudi kwao akafundishwe upya. Mdomo huu, kaka! Wewe hukumtetea, naye akafunga nguo zake kesho yake.

Kwa simu ningeanza kuzungukazunguka, ndiyo maana naandika. Lile gunia la mbegu kampuni ilinikabidhi mimi nilisafirishe kutoka Nairobi. Nililisukuma chini ya kitanda, maji yakaingia chumbani, likalowa lote. Niliogopa kufutwa kazi. Nikawasha jiko, nikazikausha kwenye sufuria, nikikoroga kama mtu anayekaanga njugu. Zilinukia mpaka jirani akauliza napika nini. Nilijua nimeziua, kaka. Nilijua siku ile Mama akizirusha huku anaomba, na nilijua siku ya kikao. Akeyo hana kosa lolote, kosa ni langu peke yangu, na aibu hainiachi hata nikiwa kazini.

Msomee Mama barua hii, kisha waite wale wazee uwasomee pia. Usinifichie hata neno. Nimepata mbegu nyingine Kawangware, kwa mama mmoja anaitwa Wangeci, nikazijaribu kwenye kopo la udongo na zimeota. Nitakuja nazo Jumamosi.

Mpe Mama pole yangu, na Daisy umsalimie. Akeyo usimpelekee salamu zangu. Nitapitia kwao kabla sijafika nyumbani, nimwambie mbele ya baba yake kwamba nilimhukumu nikijua ukweli. Kama atakubali kurudi, atarudi na wewe, si na mimi, kwa hiyo nakuomba uwe umefika hapo kabla yangu.

Mdogo wako aliyekukosea,
Ojwang