Padri Atabaki Padri

Wifi yangu Paskalina,

Huku Endamarariek maharage yametoka shambani, na kibaraza chetu kimejaa wanawake wanaochambua huku wameninunia. Wanataka hadithi yao. Ugonjwa ulikuchukua haraka mno, hukupata nafasi hata ya kutuambia yule padri wa kitabuni aliishia wapi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukivileta vile vitabu vya mapenzi kutoka lodji ya watalii ya Karatu ulikokuwa ukisafisha vyumba. Wageni wakishateremka kreta kutazama wanyama na kupiga picha zao wanaondoka, wanaviacha kando ya kitanda, nawe ukaomba ruhusa uwe unavichukua. Kwenye majalada kuna wanaume wasio na mashati, wamekunja sura kama walionyimwa chakula. Ukavivika karatasi za kalenda ya parokia, mtu akikuona njiani anadhani unakwenda sala ya jumuiya. Kiingereza chako chote ulikipata humo, kwenye mapenzi yaliyokatazwa.

Ulikuwa unasoma ukurasa kimya kimya, kisha unainua uso na kutusimulia kwa Kiswahili. Mwanamume anamteka msichana, halafu anampenda. Watoto wa baba mmoja wanatakana. Jirani yetu Mama Qamara lazima aulize, "Ukoo gani hao?" maana bila ukoo haoni kosa liko wapi. Nawe bila kusita ukamtajia ukoo, na mikono yote ikasimama juu ya ungo.

Ila kwa lile la padri nilikuvulia kofia. Ulituonea haya, Wakatoliki watupu pale kibarazani, ukamgeuza padri wa kitabuni kuwa mchungaji wa Kilutheri. Ukatusimulia anavyompenda mwalimu wa kwaya, anavyotetemeka, anavyojificha nyuma ya kanisa. Mama Qamara akatikisa kichwa. "Wachungaji si wanaoa? Apeleke wazee kwao, yaishe." Hadithi ikafa pale pale. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Kesho yake ukamrudishia upadri wake, na hakuna aliyecheka. Mama Qamara alijiziba mdomo kwa khanga, akasema, "Endelea."

Wifi, nimewaza sana tulikuwa tunatafuta nini mle. Sisi tunaolewa, tunalima, tunazaa, tunaambiwa tuvumilie. Hakuna aliyewahi kutuuliza tunatamani nini. Wewe ulituacha tutamani jambo baya mchana kweupe, ungo mapajani, tuogope mpaka basi, kisha tukapike ugali tukiwa wazima. Na hukutudanganya hata mara moja. Yule mwanamume akimfungia msichana mlango, ulikuwa unafunga kitabu, kidole ndani, unatutazama. "Huyu ni wa kitabuni tu. Akija kwako, piga yowe." Mabinti zetu walikuwa wanasikia. Sijasikia mahubiri yanayoeleweka kuliko hayo.

Baada ya mazishi kaka yako Bura, huyu mume wangu, alifungua sanduku lako. Akabandua kalenda, akaona wale wanaume. Akalibeba sanduku mpaka kwenye shimo la taka, kiberiti mkononi. "Dada yangu alikuwa mtu wa kanisa," aliniambia. "Sitaki aje asemwe." Alikuwa analia, nikamwonea huruma. Lakini nililikalia lile sanduku, wifi, mtu mzima mimi, nikamwambia humu ndimo kilimo kicheko chako, na nimekwisha kukuzika, sitakuzika tena. Tukakubaliana nimalize kwanza hiki cha padri, halafu yeye ataamua.

Basi sasa msomaji ni mimi. Kiingereza changu cha sekondari kinakwama kila mstari. Naruka maneno, narudi nyuma, Mama Qamara anaguna. Juzi nilifika pale padri amesimama mlangoni kwa askofu, amekuja kusema ukweli, na mkono haujagonga. Nikafunga kitabu, kidole ndani kama wewe. Nikakukumbuka vibaya. Bura alikuwa pembeni anatia mpini kwenye jembe, kazi aliyoiahirisha tangu masika. Hakuinua kichwa alipouliza:

"Sasa, huyo askofu alimfungulia?"

"Kesho," nikamwambia.

Asubuhi yake nilikuta Bura amelirudisha sanduku lako chini ya kitanda chako. Juu yake kulikuwa na kalenda ya parokia, ile ya ukutani kwetu, na mkasi.

Nimevivika vitabu vyako vyote upya, wifi. Pumzika. Wanawake wako ninao mimi, na mabinti nitawaambia kila mara nani ni wa kitabuni na nani wa kupigiwa yowe. Nakuahidi na hili: hata askofu wetu mwenyewe akija kuketi kibarazani na ungo wake, padri atabaki padri.

Wako,
mke wa kaka yako