Valvu za Hadija Ziko Kwangu

Jumamosi. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake, vumbi limeingia hadi kwenye sukari, na mimi nimeshinda ndani nikijifanya nina mafua. Sina mafua. Nina wivu.

Niandike tu, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Miezi miwili iliyopita mimi na Hadija, jirani yangu wa ukuta mmoja, tuliagiza pamoja vifurushi viwili vinavyofanana: vipande vya kujiundia amplifaya ndogo ya hedifoni, ile ya valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka kama vya redio za babu zetu. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye fundi redio wa mtaa huu, watoto wananiita Fundi, hata mchungaji akinitaja kanisani hatumii jina langu. Hadija ni karani wa masjala. Nilimwambia akikwama aniite.

Hakukwama.

Alikaa na karatasi ya maelekezo kama anayesoma barua ya posa, akalehemu kipande kimoja kimoja na kuweka tiki kwa penseli. Mimi yangu niliitazama mara moja, nikacheka, nikampa mke wangu awashie jiko la mkaa. Fundi gani anasoma karatasi? Nilimaliza siku nne kabla yake. Yangu ikawaka, ikapendeza, kisha ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Watu nimewaambia bado inazoea. Yake ilipowashwa ilikaa kimya, halafu ikaimba.

Juzi Alhamisi mke wangu alikwenda kusikiliza rekodi ya kwaya yake kwa Hadija. Alirudi macho yamelowa, akasema amesikia hadi wenzake wakivuta pumzi. Kisha, bila ubaya wowote, akaniambia, "Fundi Hadija anakusalimu."

Sikula vizuri jioni ile.

Jana Hadija akaniletea amplifaya yake niikague, kwa kuwa kesho anaipeleka Kondoa kumsikilizisha baba yake. Alinipa heshima, mimi nikaona ananikejeli. Niliiweka mezani pembeni ya yangu, nikatafuta kosa. Lehemu zake zote zinang'aa. Basi nikajiambia tatizo ni valvu: yeye kapata nzima, mimi nimeangukia mbovu, bahati tu.

Nikazibadilisha. Nilisubiri zipoe, nikachomoa zake nikazitia kwenye yangu, na zangu nikazichomeka kwenye yake.

Yangu ikanguruma vilevile.

Yake, ikiwa na hizo valvu zangu nilizoziita mbovu, ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Hapo mtu mwenye akili angerudisha kila kitu mahali pake. Mimi sikurudisha. Nilimkabidhi hivyo hivyo, nikitumaini kwamba ikifika kwake itaharibika, hata kidogo, hata kwa siku moja. Naandika haya na masikio yananiwaka.

Leo mchana akagonga dirishani, hedifoni shingoni, bakuli mkononi.

"Fundi, tangu uikague imekuwa tamu zaidi," akasema. "Nilijua tu, mkono wako si wa kawaida."

Akaniachia zabibu za Makutupora, akaenda zake kufungasha mizigo. Mke wangu alinitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu Alhamisi. Zabibu sijazigusa.

Basi la Kondoa linaondoka kesho asubuhi. Kabla hajalipanda nitagonga mlango wake, valvu zake nimezifunga kwenye leso, nimweleze nilichofanya na kwa nini nilikifanya. Hilo nimeshalifanyia mazoezi mara tatu, na naamini nitalimaliza.

Kuna jambo la pili. Yangu bado inanguruma, na kosa ni langu, na majivu ya jikoni hayasomeki. Kukiri wizi naweza. Lakini nitaanzaje, mimi Fundi, kumwomba aniazime ile karatasi?