Sauti ya Bwana Kandambili

Jumapili, 3 Agosti

Mchele nimeroweka. Kesho vitumbua. Hamidu karudi kabla ya magharibi, kaegesha bajaji kando ya ukuta, kaita kama kawaida yake: "Asha! Asha!"

Mimi naitwa Zuhura. Tumeoana mfungo mosi na bado moyo unaniruka nikisikia mlango.

Wiki ya kwanza niliwaka wivu. Nilidhani Asha ni mwanamke wake wa zamani. Akacheka, akanieleza. Asha ni mke wa Bwana Kandambili, mchekeshaji wa Kizungu wa sinema za zamani, anayemwita hivyo hivyo kwenye sinema. Jina la Kandambili alipewa na baba mkwe wangu, kwa jinsi anavyoburuza miguu. Jina lake halisi hapa Kibiti halijui mtu. Baba alikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Sinema inacheza, yeye yuko pembeni na kipaza sauti, anaigiza kwa Kiswahili kila anayesema: wanaume, wanawake, mbwa. Watu walitoka Chumbi kwa baiskeli kuja kumsikia. Sinema ilikuwa kisingizio.

Sasa Baba ana saratani ya koo. Jumatano ya wiki ijayo anapasuliwa Dar. Watatoa kikoromeo, na sauti itakwenda nacho. Hatasema tena.

Nimeandika haraka nisije nikalia juu ya karatasi.

Jumanne, 5 Agosti

Mume wangu ana maneno machache. Ukitoa huko kuniita mlangoni, anaweza kula chakula kizima bila kusema lolote zaidi ya "kitamu". Nampenda hivyo hivyo. Nampenda mpaka naona aibu.

Leo kaongea. Anataka kitu kimoja tu: kabla ya safari, amsikie baba yake akitafsiri sinema ya mwisho ya Kandambili, ile ya angani. Aliisikia akiwa mdogo, amekaa miguuni pa Baba, mama yake yuko hai. Hakuna kilichorekodiwa. Baba alikuwa anatafsiri papo hapo, na kila onyesho lilikuwa na maneno yake.

Tukamwendea. Baba akatikisa kichwa. Sauti yake siku hizi ni kama msasa juu ya ubao. "Sifanyi kazi na sauti ya chura," akasema. Akageukia ukuta.

Hamidu hakula usiku.

Alhamisi, 7 Agosti

Sinema imepatikana! Kishor wa duka la vitambaa, ambaye marehemu baba yake alikuwa akikodisha kanda, kaikuta stoo. Na deki yake, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Kishor anasema Kandambili alikuwa mgonjwa walipopiga sinema hiyo. Alikufa kabla haijatoka.

Baba alipokwenda msikitini tukaijaribu. Bila tafsiri, Kiingereza kitupu.

Kandambili ni kinyozi. Analala ndani ya chombo cha angani akidhani ni tangi la maji, anaamka kwenye nyota ambako watu wote hawana nywele na hawajawahi kucheka. Kinyozi kwenye nchi ya vipara! Nilicheka. Kisha nikaacha. Koti linamning'inia. Shingoni kajifunga skafu sinema nzima, hata kwenye joto. Akimaliza kuanguka kwenye ngazi anashika ukuta kidogo, na ule si uigizaji.

Halafu akaenda dirishani, akaiona dunia mbali, ndogo, ya buluu. Akanyoosha mkono akaita.

Nikashika mdomo. Haiti Asha. Anaita "Earth". Dunia. Baba alisikia Asha, akamwoza Kandambili mke ambaye hayumo. Nimeitazama mpaka mwisho. Hakuna mke.

Hamidu alikuwa anatabasamu, machozi machoni. Sikusema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesema. Siwezi kumficha mume wangu kitu, hiyo ndiyo kasoro yangu. Alifuta kioo cha bajaji mpaka kikang'aa. Kisha: "Usimwambie Baba. Anakwenda kupoteza sauti. Asijue kwamba ilikosea."

Nimeapa. Lakini nimehuzunika kijinga. Kwani mimi naitwa nani mlangoni sasa?

Jumamosi, 9 Agosti

Sauti imeshuka zaidi. Asubuhi Baba aliomba chai, ikabidi nisogeze sikio. Hamidu alisimama ukumbini, akaona. Akatoka bila kofia.

Naogopa. Tumechelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Lazima niandike yote.

Alasiri Hamidu kaweka televisheni uani, kwenye kivuli cha ukuta. Kishor kaleta spika ndogo yenye kipaza sauti. Majirani wakaja na mikeka. Baba kabaki chumbani, pazia limeshushwa. Hamidu kaiwasha hivyo hivyo. Nadhani alitaka baba yake aisikie tu ikipita.

Kiingereza kikaanza kumwagika. Bi Mwajuma, jirani yetu wa nyuma, hana subira. "Haya, nyie mliofika kidato cha nne, mtuambie huyo anasema nini!"

Wakanisukuma. Nikashika kipaza sauti. Nilitafsiri vizuri, naapa, neno kwa neno. "Anasema chombo hiki kina hitilafu. Anasema ana wasiwasi kuhusu hewa." Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akauliza kama hii ni taarifa ya habari.

Pazia likafunguka. Baba, na shuka mabegani.

"Mkaza mwanangu," akasema, kwa pumzi kuliko sauti, "teremka hapo. Unamuua Kandambili."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilimpa kiti changu. Sijawahi kufurahi kiasi hicho kufukuzwa mahali.

Akakisogeza kipaza sauti mpaka kikagusa mdomo. Mwanzo tulisikia mikwaruzo. Halafu Kandambili akashuka kwenye nyota, akavua kofia, akatazama vile vichwa, na Baba akasema: "Jamani, nchi gani hii? Mayai ya bata matupu! Nimekuja na mkasi wangu, nikate nini, masikio?"

Bi Mwajuma alilala chini. Kishor alikuwa anajipiga magoti.

Mfalme wa nyota, mwenye taa kichwani, Baba kamfanya mtendaji wa kata. Roboti lake likawa mama mkwe. Na Kandambili alipokwenda dirishani mara ya kwanza, Baba kaita: "Asha! Asha! Moto uliuzima?"

"We mzee," Bi Mwajuma akapaza sauti, "huyo Asha kabila gani?"

"Mndengereko wa Mbwara. Angekuwa wa mjini angekuwa ameshaolewa tena."

Nilimtazama Hamidu. Alikuwa amekaa chini, miguuni pa baba yake, mtu mzima na ndevu zake.

Kila mzaha ulimgharimu. Kati ya sentensi alifunga macho, na sote tukangoja naye. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Ikafika mwisho. Kandambili dirishani tena, lile koti kubwa, ile skafu. Hapo anaongea peke yake, maneno marefu, na hachekeshi. Baba akafungua mdomo. Pumzi tu. Akajaribu tena. Akakigonga kipaza sauti kama kwamba kosa ni lake. Pumzi.

Kwenye kioo yule mgonjwa anaongea. Kwenye kiti mgonjwa wetu amenyamaza. Nilitaka ardhi inimeze.

Hamidu akanyanyuka. Mume wangu, ambaye hakusema hata siku ya harusi alipoombwa. Akakichukua kipaza sauti kwenye mkono wa baba yake, taratibu, na akasema:

"Asha. Nimechelewa, najua. Huku hawacheki, nimewafundisha kidogo, wanajitahidi. Usiningoje mlangoni, baridi. Funika wali. Niwekee ukoko."

Kandambili kwenye kioo akafumba mdomo hapo hapo alipofumba Hamidu. Sijui ilikuwaje.

Watu walilia wazi wazi. Baba alikuwa ameshika goti la mwanawe, anatikisa kichwa juu na chini, juu na chini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilirekodi yote kwenye simu. Nimeisikiliza jikoni. Vicheko vimefunika kila kitu. Sauti ya Baba iko chini kabisa, unaipata hapa na pale. Nimelia kwa hasira. Hamidu kasikiliza, akasema ndivyo ilivyokuwa bandani, hukumsikia Baba vizuri hata siku moja, watu walikuwa wanacheka.

Mchana nilimpelekea Baba uji. Akanipa ishara nikae. Alinong'ona kwa vipande, sikio langu liko mdomoni pake.

"Umesoma wewe. Lile neno la dirishani ulilisikia."

Niliapa nisiseme. Lakini kumdanganya siwezi. "Nililisikia, Baba."

"Nami nalijua. Mwalimu mmoja aliniambia, zamani. Nikasema wiki ijayo nitasahihisha." Akapumzika. "Wiki ijayo nikapita sokoni, wanawake wananiuliza Asha hajambo. Ningewaambia nini? Kwamba ni udongo?"

Mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Nikacheka naye mpaka uji ukamwagika.

Jumatano, 13 Agosti

Hamidu yuko naye Dar. Mimi nimebaki na nyumba. Kitanda kikubwa mno.

Simu imeita baada ya adhuhuri. Ametoka salama. Hamidu alisema hivyo tu, kisha tukabaki wote wawili, simu sikioni, kila mtu na pumzi zake.

Jumanne, 2 Septemba

Baba karudi nyumbani tangu Jumamosi. Shingoni ana tundu dogo analopumulia, tunalifunika kwa kitambaa cheupe. Nimefundishwa kulisafisha. Siku ya kwanza nilirudia mara tatu, leo nimefanya bila kufikiri.

Wageni wanakuja na kumpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Anawaacha. Wakitoka ananikonyeza.

Nilidhani nyumba itakuwa kimya. Sivyo. Hamidu akirudi kutoka kazini anakaa mkekani karibu na Baba, na anaanza. Abiria aliyesahau kuku ndani ya bajaji. Lori lililokwama njia ya Mbwara. Nani kagombana na nani stendi, na sauti za wote wawili. Baba ananyanyua kidole pale anapoona pamepita haraka, na Hamidu anarudi nyuma, anaeleza upya, vizuri zaidi. Baba anapiga paja. Hamidu anamjibu. Baba ananyanyua nyusi. Hamidu anasema, hapana, subiri, sijafika huko.

Mvua ndogo imepita jioni, uani pananukia. Nimeosha vyombo, nimeroweka mchele. Nimepita ukumbini polepole nisiwakatishe.

Nimekuja kulala. Wao nimewaacha wanaongea.