Mlingoti wa Kandido Pale Kisimani

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Ulizoea barua kukufikia kwa mdomo wangu. Baba akiandika kutoka mashamba ya chai Mufindi, nilikusomea mara tatu, na ya nne ukadai nimeruka neno. Hii nayo nitakuja kukusomea mwenyewe hapo ulipolala, na leo siruki kitu. Kuna neno moja nililiruka miaka mitatu mizima, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Unakumbuka mlingoti ulivyofika nyumbani? Baba aliubeba kwenye kopo la maziwa, kijiti cha mkaratusi chenye majani sita. Alikuwa amechelewa mazishi ya Kandido kwa siku tisa. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili tu, kifaduro kikamchukua, na barua ya kumwita baba ikachelewa njiani. Alisimama mlangoni ameshika lile kopo kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Akaanza kueleza kwamba Wazungu wa chai wanaipanda kwa ajili ya kuni za kukaushia majani, kwamba inakua upesi kuliko watoto, halafu akajisikia alichosema, akakunyooshea kopo. Wewe ulilipokea kopo ukasema, "Huyu ataishi." Tangu siku ile hukuuita mti. Ulikuwa Kandido.

Ukaamua apandwe kisimani, chini kabisa ya bustani. Nani angekubishia? Kila kisima cha kwetu kina mivengi yake, miti isiyokatwa, maana ndiyo inayolinda maji; hilo tumelijua kabla ya kujua kusali. Mvengi wetu mkongwe ulikuwa umeangushwa na upepo na kisima kimebaki uchi. Hata mimi wa leo, ningekuwa wewe, ningechimba shimo palepale.

Na ulimlea, mama, weee! Majivu shinani kwa sababu ya mchwa, uzio wa miiba kwa sababu ya mbuzi wa jirani, na miezi ya baridi ulimvika majani ya migomba ili umande usimgandie. Mwaka wa tatu gome likaanza kubanduka. Ulipiga kelele hadi watu wakatoka mashambani: "Mtoto anachunika ngozi!" Ukamfunga kwa kanga yako ya pili. Baba aliporudi likizo na kueleza kuwa ndiyo tabia yake, ulinuna siku nzima, na kanga hukuifungua. Mimi nilicheka sana. Ningejua, nisingecheka.

Maana maji yalikuwa yanapungua. Kwanza mtungi ukawa haujai kwa mkupuo mmoja. Halafu vinyungu vyetu, vile vijibustani vya bondeni vya maharage na kabichi, vilivyokuwa vinalowa hadi kiangazi kinaisha, vikaanza kupasuka. Majirani walinong'ona kuwa kuna mtu amekosea kisimani. Ulijilaumu wewe. Ulitambika kwa unga, Jumapili ukawasha mshumaa kanisani, usije ukaacha mlango hata mmoja bila kubisha. Na ulichota maji machache yaliyobaki ukamwagia Kandido, ili apate nguvu ya kuyalinda.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku mwalimu alipotufundisha kuhusu miti. Alisema mlingoti hupandwa kwenye madimbwi ili yakauke na mbu waondoke, kwamba unakunywa kuliko ng'ombe. Wenzangu walicheka. Mimi niliwaza kisima chetu. Nilikimbia njia nzima nije nikwambie, mama, naapa. Nikakukuta umekaa chini ya mlingoti, mgongo umeegemea shina, unambembeleza kwa ule wimbo uliomwimbia akiwa mgongoni. Ukaniuliza, "Mbona unahema hivyo?" Nikajibu, "Nina njaa."

Hilo ndilo neno nililoliruka. Kila jioni nilijiambia kesho. Ningekwambiaje? Kwamba Kandido ndiye anayetukausha? Kwamba chukua shoka? Ulikwisha kumzika mara moja, na mimi sikutaka kuwa wa kukuambia umzike tena. Nilidhani nakuhurumia. Labda nilikuwa nauhurumia moyo wangu tu, maana mimi pia nilikuwa nampenda.

Kisima kilipokauka kabisa ukaanza kushuka mtoni alfajiri, mteremko ule wa mawe, mwezi wa saba ukungu umelala bondeni. Nilisema niende mimi. Ukasema, "Wewe soma." Ulirudi nguo zimelowa hadi kifuani, ukikohoa, ukinitania kwamba wanawake wa mtoni wana umbea mzuri kuliko wa kisimani. Kichomi kilikulaza siku nne. Nilichuma majani ya mlingoti uleule nikakufukiza, hayakusaidia. Siku ya nne uliomba maji. Nikakupa yale uliyoyabeba mwenyewe kichwani kabla hujalala. Ulikunywa mafunda mawili, ukasema, "Mwagia mtoto yaliyobaki." Nikaenda nikamwagia. Mungu anisamehe, nilikwenda.

Safari hii baba aliwahi mazishi. Baada ya matanga nilimwambia yote. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alichukua shoka akashinda kisimani kutwa, na mti ulipoanguka alibaki ameegemea mpini. Akauliza, "Kwa nini hukumwambia?" Hata hiki ninachokuandikia sasa si jibu. Kisiki kilichipua, nikavunja machipukizi, kikachipua tena. Mwaka mzima nilivunja, kila Jumamosi, na kila nilipovunja niliomba radhi kwa jina lake.

Mama, maji yamerudi. Masika ya pili baada ya wewe kuondoka, udongo ulilowa, halafu pakawa na kidimbwi cha kujaza bakuli, sasa mtungi unajaa. Nimepanda mvengi pale. Wanawake wanakuja kuchota na kunisifu kwamba nina akili, nimesoma, nimegundua kilichowashinda wazee. Juzi jirani yetu, mwenye wale mbuzi, alitua ndoo, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema, "Maskini mama yako. Laiti kungekuwa na mtu wa kumwambia."

Nikamtwisha ndoo yake. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Laiti."

Lala salama. Mbusu Kandido wa kweli.

Ni mimi, binti yako, msomaji wako.