Bomba la Pili

Kwa Mama,
Kiamunyi, Nakuru.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkirui,

Chamgei. Natumai baridi ya huko Uholanzi haijakumaliza, na kwamba siku hizi unakula kitu cha maana, si ile mikate mikavu uliyotutumia picha yake Krismasi. Mama anakusalimu. Mgongo wake bado haunyooki, na akitaka kumtazama mtu lazima ageuke mwili mzima, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Jana alitukana kuku wa jirani mpaka wakarudi kwao wenyewe. Mimi sina homa wala kikohozi. Mengine utayasoma hapa chini.

Jua ni kali. Maji ya mvua kwenye tangi yaliisha kabla ya Krismasi, tunategemea kisima peke yake.

Najua utashangaa kupata karatasi na simu ipo. Kwa simu ungenikata maneno, mimi ningelia, na Mama angesikia. Kwa hivyo kaa chini, usome mpaka mwisho ndipo unipigie.

Ni Cheruto wangu. Ulimwacha akijifunza kusimama kwa kushika miguu ya tangi. Sasa karibu anafikisha miaka mitano, na magoti yake yamepinda yakaenda nje. Akiweka miguu pamoja, mtoto wa mbuzi anaweza kupita katikati. Watoto wa Sunday school wanamwita Bata, na yeye anacheka nao kwa sababu anafikiri ni jina la kupendwa. Nimempeleka hospitali. Daktari alitazama picha ya mifupa kwa muda mrefu, halafu akaniuliza tunakunywa maji gani.

Nilimjibu kwa maringo, Kipkirui. Nikamwambia sisi tuna mashine ya kuchuja maji ya kisima, ndugu yangu ndiye aliileta.

Unakumbuka siku mliyoifunga? Ulicheka bila kufunika mdomo na mkono, wewe ambaye tangu darasa la nne umeyaficha hayo meno yetu ya kahawia. Ukasema Cheruto atakuwa mtoto wa kwanza wa boma hili kuwa na meno meupe. Nilikuamini. Kila jioni nilikuwa naifuta ile mashine vumbi na kitambaa safi, wakati meza yangu mwenyewe haijafutwa.

Basi Januari mwalimu wako, Daktari Sitati, alikuja na mwanafunzi wake Gachanja kuchukua mkojo wa watoto wapime. Majibu yaliporudi, floraidi ya Cheruto, hiyo chumvi ya kisima inayoharibu meno na mifupa, ilikuwa imepita hata ya watoto wa jirani, hao ambao wanakunywa kisima moja kwa moja. Daktari alifungua mashine yote. Akatoa ule utando wa kuchujia, akaweka mwingine, akapima maji mara tatu, yakatoka mazuri. Akaniuliza kama mtoto hupewa maji ya mahali pengine. Nikamwambia hapana, Daktari, naapa mbele ya Mungu, kila tone linaloingia kwa mtoto huyu linatoka kwa hii mashine.

Na sikuwa nadanganya.

Alikaa pale kwa kiti cha Mama, ameinama kama mtu aliyefiwa. Akasema basi lazima utando unaachilia floraidi siku ambazo hakuna mtu wa kupima, kwamba hawezi kuweka mashine ya namna hiyo kwa shule ya chekechea kama mlivyokuwa mmepanga, na ataandika kuwa imeshindwa. Miaka yako yote ya kusoma, imeshindwa. Nilikasirika! Nilikulaani moyoni, nikalaani chuo na vyuma vyenu vyote. Halafu nikawapa chai.

Daktari alipoenda kwa gari, Gachanja alibaki akikusanya vyombo. Akaniona nikiteka kwa ule mtungi wa samawati kuosha vikombe na kuinjika maharagwe. Akaniuliza, "Mathe, hayo si ya bomba la pili?" Nikamwambia ndiyo, ya kunywa ni yale ya bomba la kwanza, haya ni ya kupikia. Akaweka chini alichokuwa ameshika. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo.

Sasa ngoja nikueleze, na usinikatize. Nilifanya hivyo wiki ile uliyosafiri. Ulikuwa umesema, "Ya bomba la pili mwageni." Hukusema kwa nini! Ulisema tu mwageni, ukaenda kufunga mizigo. Nikatazama maji hayo, meupe pe pe pe, hayana harufu, mtungi mzima kwa kila mtungi wa kunywa. Wewe na mimi tumechapwa na Mama kwa kumwaga kikombe kimoja. Nikasema hawa wasomi wana maisha rahisi. Nikayaweka ya uji, ya ugali, ya chai, ya maharagwe. Nikasema hata kama yana kitu, yatachemka, moto utamaliza. Si hivyo ndivyo tulifundishwa na zahanati wakati wa taifodi?

Gachanja alinieleza polepole, maskini, kama mtu anayempa mwingine habari za msiba. Kwamba utando hauui floraidi, unaikataa tu, na ile inayokataliwa yote inasukumwa bomba la pili, maji hayo yanakuwa makali kuliko ya kisima chenyewe. Kwamba ukichemsha, mvuke unaenda na floraidi inabaki kwa sufuria. Na Cheruto tangu aache kunyonya alikuwa mtoto wa uji. Bakuli tatu kwa siku, Kipkirui, na nilikuwa nausifu kwa wamama kanisani.

Ni mimi nimempinda mtoto wangu. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na mara tatu nimechana karatasi.

Nimemwomba Gachanja asiseme kitu mpaka nikuandikie wewe. Mwandikie Daktari Sitati leo hii. Mwambie mashine yako haina kosa, na utaje jina langu, Chemutai, lote. Wasiwanyime watoto wa chekechea kwa ajili yangu. Lakini na nyinyi mkiiweka pale, mwambieni mpishi ni kwa nini. Msimwambie tu mwaga.

Daktari wa hospitali anasema mifupa ya Cheruto itakuja kukatwa na kunyooshwa akikua kidogo, na kwa sasa atoke kwa maji haya kabisa. Jumamosi anaenda kwa anti Jerop, mdogo wa Mama, huko Molo, ambako wanakunywa ya mvua. Amefunga nguo zake mwenyewe. Sijui atakaa miaka mingapi.

Mama sijamwambia. Nikimwaga ule mtungi nyuma ya choo, anasikia, na anapiga kelele kutoka jikoni, "Chemutai! Nani amekufundisha kumwaga maji?" Namwambia ni machafu. Na kila jioni mkono wangu unakataa kwanza.

Jerop anakusalimu, na pasta amesema hajakusahau kwa maombi. Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe ukiwa na hasira kidogo tu juu yangu.

Cheruto naye anakusalimu sana, Anko. Ameniambia nikuulize kama maji ya Molo pia yana bomba la kunywa na bomba la uji.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata sasa,
Chemutai