Niliandika Kwamba Umekaa

Kambarage, Shinyanga
20 Septemba 1998

Wifi yangu Bernadina,

Najua nimechelewa mno kukuandikia, na sina sababu nzuri ya kukupa. Tangu uondoke mwezi wa tano umeniletea salamu mara mbili kwa kondakta wa basi la Runzewe, nami sijakujibu hata mstari mmoja. Karatasi ninazo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Mnaendeleaje huko? Mgongo wa mama umepata nafuu? Mpe shikamoo yangu. Sisi tu wazima, ila uchovu tu. Enock ana meno manne na anasimama kwa kushika ndoo. Kaka yako bado yuko machimboni Geita. Anasema duara lao, lile shimo la dhahabu, limejaa maji.

Sasa nikupe habari za kiwandani, na naomba usiruke mistari.

Unamkumbuka Urvi, binti wa tajiri wetu Mzee Narendra, aliyerudi kutoka masomoni na kompyuta. Ndani yake mna mchezo wa kujenga kiwanda. Unaweka mgodi wa chuma, matanuri, mashine za misumari, na vijitu vidogo vinakimbia humo bila kuchoka. Urvi anapenda kujenga, lakini hesabu zinamshinda. Adhuhuri moja, mashine yetu ya mafuta imezimwa ipoe, akaniita kutoka kwenye mizani. Alikuwa na matanuri matano na mashine tatu za misumari, na vyuma vimelundikana hadi njia zimeziba. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: tanuri moja linatoa vyuma kumi na tano kwa dakika, mashine moja inakula kumi. Mashine tatu zinakula thelathini, basi matanuri mawili yanatosha. Akabonyeza kitufe, matatu yakatoweka, njia zikafunguka. Akaruka akaniita injinia. Wifi, mimi wa darasa la saba, nilifurahi kupita kiasi. Ikawa kila adhuhuri niko pale, chai yangu inapoa.

Urvi akamsimulia baba yake. Mzee akacheka, akasema kumbe kichwa cha Mama Enock kinaozea kwenye mizani, hebu kipige hesabu ya kiwanda cha kweli. Justa mwenzako alikuwa anapita na ungo, akanitania kwamba nikishakuwa bosi nisimnyime sabuni. Nikacheka naye.

Asubuhi moja nikakaa na daftari. Ninyi wachambuaji wa mbegu mlikuwa sita. Mashine inameza debe nane kwa saa, na mwanamke asiyenyanyuka anachambua debe mbili. Nikagawanya, nikapata wanne. Mzee akauliza wa kupunguzwa ni nani, nikamwonyesha majina yenye debe chache: wewe na Justa. Mliambiwa ni msimu mbaya. Mbegu za pamba zilikuwa zinaingia kama kawaida, wifi. Kilichowatoa ni karatasi yangu.

Wiki ileile mashine ikaanza kuzunguka tupu. Philomena, mmoja wa wale wanne waliobaki, akienda kunyonyesha, chekeche lake linabaki bila mtu. Akichelewa kwenda, maziwa yanalowesha blauzi, na akirudi Mzee anagomba. Hapo ndipo nikaliona kosa. Kwenye mchezo, kilichozidi hulundikana. Kwetu mbegu hazikuwahi kulundikana hata siku moja! Wewe na Justa ndio mlikuwa mnashika chekeche la kila aliyenyanyuka, na debe mlilojaza pale mimi nikaliandika la mwenye chekeche.

Hilo ningeweza kukuambia tangu mwezi wa sita. Lililonifunga mkono ni jingine. Kwenye daftari la asubuhi ile, mbele ya jina lako, nimeandika mara nne: amekaa. Nimelifungua tena nikasoma. Mara zote nne ulikuwa umekaa kizingitini na Enock mapajani, kwa sababu alikuwa analia na mimi sikutaka kuacha kuhesabu. Nilikusikia ukimbembeleza. Nikaandika.

Jumatatu nilimweleza Mzee yote. Alisema hesabu ni hesabu. Nikamwomba asimame mwenyewe kwenye mashine kuanzia saa mbili hadi saa sita, Urvi awe anaandika dakika inazozunguka bila mbegu. Hata saa tano haijafika, akasema imetosha, ameona. Amekubali mrudi wote wawili kuanzia mwezi ujao. Justa nimempelekea habari Nkome, anakoanika dagaa. Nimemwambia Mzee pia kwamba sitampa tena karatasi yenye jina la mtu kabla mwenye jina hajaisoma.

Sikusukumi unisamehe. Wasalimie watoto, na majirani wanaonikumbuka.

Kwa kondakta yuleyule naomba unitumie kitambulisho chako cha kazi, hata kama kimechakaa, na picha mbili ndogo za kubandika kwenye fomu mpya. Tena kadi ya kliniki ya Enock, nadhani ilibaki kwenye kikapu chako, nesi ameshanigombeza mara mbili. Na jibu lako, kama unarudi au hurudi. Likiwa la hasira, liandike hivyohivyo kwa mkono wako. Usimpe kondakta kwa mdomo, yeye atalilainisha.

Wifi yako,
Noela, Mama Enock