Rangi ya Pikipiki ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji na wanangu wote. Sisi huku miili haijambo. Kinachotusumbua ni hasira, na hiyo haina dawa ya dukani. Mama yu salama, goti lake limetulia, na macho yake bado yanaona uchafu kwenye vikombe nilivyoviosha mimi. Mapacha wangu wanakusalimu sana, wanauliza kama ni kweli lifti ya ofisini kwenu ina kioo.

Najua kaka yetu ameshakupigia simu akakupa upande wake. Huyo Mwenyekiti wetu hajawahi kuchelewa mahali pa kulalamika. Naomba unisikilize na mimi, tena kwa barua, maana kwenye simu nikikasirika maneno hunitoka yote kwa mpigo, nawe huishia kunicheka.

Unajua pikipiki ya Baba imekaa stoo tangu tulipomzika, imefunikwa shuka. Majuzi Mwenyekiti alileta fundi akaifufua injini, ikanguruma hadi jirani akafungua dirisha. Hapo sikuwa na neno, hata asante nilimpa. Kumbe mwenzangu ana lake. Jumapili tukiwa mezani kwa Mama akatangaza, hakuuliza, dada, alitangaza, kwamba pikipiki ataiweka kwenye mapokezi ya nyumba yake ya wageni, nyuma ya kamba, watu wapige nayo picha. Na kabla ya hapo itapigwa rangi upya, nyeusi ya kung'aa, na mistari ya dhahabu kwenye tangi. Eti mgeni hawezi kupokelewa na kitu kilichochubuka.

Kilichochubuka! Nilihisi damu inapanda hadi masikioni. Pale kwenye tangi magoti ya Baba yameila rangi pande zote mbili, pamelainika kama kitasa cha mlango wa zamani. Hicho ndicho anachokiita mchubuko. Nikamwambia rangi inanunuliwa, magoti ya Baba hayanunuliwi. Akanijibu kwamba mimi nina mapenzi na kutu. Kisha akalipeleka suala kwenye kundi la familia la simu, ikapigwa kura, na binamu zetu ambao hawajui hata ilikuwa na magurudumu mangapi wakampa ushindi. Mama alikusanya sahani akaenda zake jikoni.

Nikadhani bado kuna mazungumzo. Alhamisi napita kwa Mama, naikuta stoo tupu, shuka limekunjwa vizuri kama la hotelini. Sikuuliza, nilijua. Nilikwenda mbio hadi gereji ya yule fundi rangi wanayemwita Msasa, nyuma ya duka la matairi. Nikamkuta amejifunga kitambaa puani, tangi amelilaza juu ya benchi kama mgonjwa wa kupasuliwa, na mkono umeshaanza kusugua. Niliudaka ule mkono. Nikamwambia akitaka kuendelea basi anisugue mimi kwanza. Mteja mmoja aliyekuwa amekaa akisubiri mlango wa gari lake alihamisha kiti.

Msasa ni mtu mpole. Alishusha kitambaa akaniambia, "Sawa dada, nimeacha. Lakini nilikuwa nataka nimpigie kaka yako. Hebu njoo uone."

Nikaona. Chini ya ile nyeusi ya Baba niliyokuwa tayari kuifia palikuwa na buluu, buluu nyepesi kama sare ya shule. Na juu ya buluu kuna herufi nyeupe. Akafuta vumbi kwa kitambaa, akasugua tena taratibu, safari hii kwa ruhusa yangu, na neno likajitokeza lote: MKUNGA.

Dada, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Tulijua Mama alikuwa mkunga, nani asiyejua, nusu ya mtaa huu alimpokea yeye. Lakini pikipiki si ilikuwa ya Baba? Si ndivyo tulivyolelewa, pikipiki ya Baba, usiguse pikipiki ya Baba, teremka, Baba anataka pikipiki yake?

Nilirudi kwa Mama nikitweta. Alikuwa barazani anashona kifungo. Nilipomweleza alichungulia juu ya miwani akasema tu, "Kumbe bado ipo." Kisha, huku sindano inaendelea, akanieleza. Zahanati ndiyo iliyompa pikipiki ile ya kuwafikia wajawazito majumbani. Ilipopata gari, wakamwachia iwe yake kwa utumishi wake. Wakati huo alishahamishiwa wodini, mwendo wa miguu, na Baba ndiye mwenye safari za mbali za kusoma mita. Akawa anaiendesha yeye. Kazini wenzake wakamtania: bwana mkunga, leo unazalisha wapi? Jumamosi moja akanunua kopo la rangi nyeusi na brashi.

Nikamuuliza kwa ukali, na Mungu anisamehe, kwa nini alinyamaza. Akasema nani amekudanganya kwamba nilinyamaza? Alimnunia Baba mpaka Baba akajifunza kupika.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Ile hadithi ya kuzaliwa kwako, ambayo Baba aliisimulia kwenye kila harusi hadi watu wakawa wanammalizia, jinsi alivyoikanyaga pikipiki kwenye mvua na Mama yuko nyuma na uchungu umemshika? Mama alikata uzi kwa meno akaniambia, "Aliyeendesha ni mimi. Baba yenu alikuwa nyuma, amekumbatia beseni la nguo, anasali kwa sauti. Uchungu ukija nasimama, ukipita nakwenda." Maskini Baba hata kuendesha alikuwa hajajifunza.

Nilipandwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani. Nikasema basi tutaikwangua nyeusi yote, ibaki buluu na neno lake, Mwenyekiti na binamu zake waone. Mama akaweka shati chini. Akaniuliza, "Kaka yako anataka nyeusi, wewe unataka buluu. Mwenye pikipiki anataka nini?"



Akasema anataka nyekundu. Buluu ilikuwa ya zahanati, nyeusi ilikuwa ya mumewe, na yeye hajawahi kuulizwa. Nikaanza kubisha kwamba ukweli utafunikwa tena. Akasema, "Si umeshaujua? Unataka uutazame kila siku wa nini?"

Nakuungamia wewe peke yako: niliondoka pale nimemkasirikia na yeye. Nililala na hasira hiyo, nikaamka nayo. Ilinichukua muda kukiri kwamba Mwenyekiti alitangaza, na mimi nilichofanya ni kutangaza kinyume chake kwa sauti kubwa zaidi. Nilimtetea Baba ambaye hakunituma, kisha nikamtetea Mama ambaye alikuwa amekaa hapo hapo mbele yangu na mdomo wake mzima. Nyani haoni kundule, dada, na huyu nyani ana kelele.

Mwenyekiti naye alipoambiwa alikuja juu. Alisema hawezi kukubali baba yake ageuzwe abiria. Mama akamwambia kwenye mapokezi aweke chungu cha maua.

Jana Msasa aliileta. Nyekundu, dada, nyekundu ya kukutoa machozi! Mama alivaa suruali ya Baba, akaifunga mkanda, akapiga kiki mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali. Akaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, polepole, mgongo umenyooka, watu wamejaa milangoni. Mwenyekiti ndiye aliyepiga makofi kwanza, nami sitasema nani alikuwa analia.

Basi nisikuchoshe. Wasalimie wote nyumbani, mbusu kitinda mimba wako mashavu yote mawili. Mama anakusalimu kwa mapenzi mengi, na anasema ukija likizo usihangaike na teksi. Atakuja kukupokea stendi mwenyewe. Uje na begi dogo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Mapacha